Somo kwa Makatibu: Saa Hii ni ya Nani?

Kusoma na kuandika saa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa



Katika masomo yaliyotangulia tumezungumzia uandishi wa barua na utunzaji wa mihtasari. Leo tunakuja kwenye jambo ambalo kila mmoja wetu hudhani analijua tangu utotoni, nalo ni kutaja saa. Nitaanza kwa kueleza kosa langu mwenyewe, kwa kuwa anayefundisha kwa kosa lake hamwonei mtu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Siku moja tuliletewa barua fupi ya Kiingereza iliyosema kwamba mkaguzi wa ubora angefika kwenye ghala letu siku ya Alhamisi, "at 8.00". Niliisoma barua, nikaielewa, nikachukua chaki na kuandika kwenye ubao wa matangazo: "Ukaguzi wa kahawa, Alhamisi, saa 8.00." Nikaridhika kwamba kazi imekwisha.

Alhamisi hiyo mkaguzi alifika saa mbili kamili asubuhi, kama barua ilivyosema. Alimkuta mlinzi peke yake na mlango una kufuli. Mimi nilikuwa nimepanda basi kwenda mjini kuleta karatasi za ofisi, nikijua nitarudi kabla ya saa nane. Mkaguzi alingoja hadi saa nne, akaandika neno moja katika daftari lake, akaondoka. Wanachama nao wakafika saa saba na saa nane mchana, wengine wamejitwika mizigo kichwani, wengine wamekodi mkokoteni. Hapakuwa na wa kuipokea kahawa yao. Mkaguzi hakurudi mpaka wiki mbili zikapita, na muda huo wote malipo yalisimama.

Hakuna aliyenitukana. Ila mzee mmoja, aliyekuwa ametembea tangu asubuhi, aliutazama ubao kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu katibu, saa uliyoiandika hapa ni saa ya nani?"

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Tarakimu haina lugha. Nane iliyoandikwa kwa chaki ni nane tu. Msomaji ndiye anayeipa lugha anapoisoma. Mwingereza akiisoma huona asubuhi, Mswahili akiisoma huona mchana. Aliyeandika barua hakukosea, na wanachama walioisoma hawakukosea. Aliyekosea ni yule aliyesimama katikati, ambaye kazi yake ilikuwa kuihamisha saa kutoka lugha moja hadi nyingine, naye akahamisha tarakimu peke yake.

KWA NINI SAA ZETU ZINATOFAUTIANA

Kwetu, karibu na Ikweta, jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Tofauti yake kati ya mwezi na mwezi haifiki saa moja. Kwa hiyo ni jambo la busara kuanza hesabu pale kazi inapoanza. Jua likishachomoza tunahesabu saa ya kwanza ya mchana, saa ya pili, hadi ya kumi na mbili jua linapotua; kisha tunaanza upya na saa za usiku. Hesabu hii si ya Waswahili peke yao. Waganda na Wanyarwanda huhesabu hivyo katika lugha zao, na Waethiopia vilevile, ambao ni wakulima wa kahawa kama sisi.

Huko London mambo ni tofauti. Mwezi Juni mchana huchukua zaidi ya saa kumi na sita, na mwezi Desemba haufiki saa nane. Mtu akihesabu saa kuanzia jua kuchomoza, saa yake ya kwanza itatangatanga mwaka mzima. Wazungu wamefunga hesabu yao katikati ya usiku na katikati ya mchana, nyakati ambazo hazitegemei macheo. Ndiyo sababu kuna tofauti ya saa sita kati ya hesabu yao na yetu. Katika saa ya mishale, tarakimu yetu hukaa mkabala na yao: mshale mfupi ukielekea 8, sisi husoma 2 iliyo upande wa pili.

KANUNI YA SITA

Kanuni ya kugeuza ni nyepesi, nayo inatosha kwa saa zote ishirini na nne. Iandike kwenye jalada la ndani la daftari lako.

Kwanza, saa ya kizungu kuanzia 7 hadi 18, ondoa 6. Saa 7 huwa saa moja asubuhi. Saa 12 huwa saa sita mchana. Saa 14 huwa saa nane mchana. Saa 18 huwa saa kumi na mbili jioni.

Pili, kuanzia 19 hadi 24, ondoa 18. Saa 19 huwa saa moja usiku. Saa 24, ambayo pia huandikwa 0, huwa saa sita usiku.

Tatu, kuanzia 1 hadi 6 za baada ya usiku wa manane, ongeza 6. Saa 1 huwa saa saba usiku. Saa 4 huwa saa kumi alfajiri.

Ukikutana na saa ya Kiingereza yenye herufi p.m., ongeza kwanza 12 isipokuwa kwa saa 12 yenyewe, kisha fuata kanuni hii. Mfano: 3 p.m. ni 15, ondoa 6, unapata saa tisa alasiri.

SAA KATIKA KIINGEREZA

Mwingereza ana njia mbili za kutaja saa. Katika maandishi ya ofisi hutumia tarakimu na herufi a.m. au p.m. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri. Katika mazungumzo hutumia maneno: "eight o'clock" ni saa mbili kamili, "half past eight" ni saa mbili na nusu, "a quarter past eight" ni saa mbili na robo, "a quarter to nine" ni saa tatu kasorobo.

Hapa yapo mambo matano ya kuangaliwa.

Jambo la kwanza: Mwingereza hutanguliza dakika, kisha saa. Sisi husema "saa tatu kasoro dakika kumi". Yeye husema "ten to nine", yaani dakika kumi kuifikia tisa. Anayeandika haraka husikia "ten" akaandika saa kumi kabla hajamaliza kusikiliza. Subiri sentensi iishe, ndipo uandike.

Jambo la pili: a.m. haina maana ya asubuhi, wala neno "morning" halina maana ya asubuhi kila mara. "One o'clock in the morning" ni saa saba za usiku. Tena siku ya Mwingereza hubadilika saa sita usiku. Barua ikisema lori litafika "Tuesday, 1.00 a.m.", maana yake ni usiku ule unaofuata mchana wa Jumatatu, wa kuamkia Jumanne. Katibu anayewaita vibarua wa kupakua usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano amechelewa kwa siku nzima.

Jambo la tatu: 12 a.m. na 12 p.m. huwachanganya hata Waingereza wenyewe. Wewe usiziandike kamwe. Andika "noon" kwa saa sita mchana na "midnight" kwa saa sita usiku. Hata "midnight on Friday" si salama, kwani haisemi kama ni mwanzo wa Ijumaa au mwisho wake. Ukipokea barua ya namna hiyo, jibu ukiomba ufafanuzi.

Jambo la nne: katika mazungumzo Waingereza hukata maneno na kusema "half eight", wakimaanisha saa mbili na nusu. Mjerumani, katika lugha yake, hutumia maneno yanayofanana na hayo kwa maana ya nusu ya kuifikia nane, yaani saa moja na nusu. Kwa kuwa tunauziana kahawa na watu wa Hamburg kama wa London, ukisikia "half eight" kwenye simu uliza: "Je, ni 7.30 au 8.30?" Wamarekani nao husema "a quarter of nine" kwa saa tatu kasorobo, na "a quarter after eight" kwa saa mbili na robo.

Jambo la tano: katika simu "fifteen" na "fifty" hufanana, na hali kadhalika "thirteen" na "thirty". Usione haya kuuliza tarakimu mojamoja: "one, five" au "five, zero".

SAA KATIKA KIFARANSA

Yupo atakayeuliza: Kifaransa kinatuhusu nini? Ndugu zetu wa Burundi na wa Kongo huandika barua nyingi za ofisi kwa Kifaransa, na Geneva, mji wa Uswisi wenye wafanyabiashara wakubwa wa kahawa, ni mji wa Kifaransa. Barua ya namna hiyo ikifika, hata kama mwili wake utapelekwa kwa mfasiri, katibu anapaswa kuweza kuisoma saa iliyomo.

Nina habari njema. Mpangilio wa saa ya Kifaransa umekaribiana na wetu kuliko ule wa Kiingereza. Mfaransa, kama sisi, hutanguliza saa, kisha huongeza au hupunguza. "Huit heures et quart" ni nane na robo; "huit heures et demie" ni nane na nusu; "neuf heures moins le quart" ni tisa kasorobo; "neuf heures moins dix" ni tisa kasoro dakika kumi. Anayejua "na robo, na nusu, kasorobo" amekwisha kujua nusu ya kazi. Kilichobaki ni kanuni yetu ya sita.

Katika maandishi Mfaransa huhesabu saa hadi ishirini na nne, na hutenganisha saa na dakika kwa herufi h. Basi "14 h 30" ni saa nane na nusu mchana, na "17 h" ni saa kumi na moja jioni. Katika mazungumzo ya kawaida hurudi kwenye kumi na mbili, akaongeza "du matin" kwa saa za kuanzia usiku wa manane hadi adhuhuri, "de l'après-midi" kwa mchana na alasiri, na "du soir" kwa jioni na usiku wa mapema. Hatari tuliyoiona katika "morning" ipo na hapa: "une heure du matin" ni saa saba usiku. Saa sita mchana ni "midi" na saa sita usiku ni "minuit".

Usichanganye njia hizi mbili. Mfaransa mwangalifu husema "deux heures et demie" au "quatorze heures trente". Hasemi "quatorze heures et demie".

Katika simu kuna mtego mkubwa. "Deux heures", yaani saa 2, husikika kama "de-zer". "Douze heures", yaani saa 12, husikika kama "du-zer". Vilevile "six heures" na "dix heures", sita na kumi, hutofautiana kwa sauti ya kwanza peke yake. Ukisikia moja ya hizo, uliza kama ni "midi", au uombe saa iandikwe kwa tarakimu.

SAA YA KUFIKA NA MUDA WA SAA

Katibu aliyeshika vizuri kanuni ya sita hukabiliwa na hatari mpya, nayo ni kuitumia mahali isipotakiwa. Kanuni hii ni ya wakati, si ya muda. Barua ikisema kwamba kupima mizigo kutachukua "two hours", hiyo ni saa mbili za muda. Saa mbili ni saa mbili kwa Mwingereza na kwa Mswahili. Hapaongezwi kitu wala hapapunguzwi.

Kiingereza hutusaidia kidogo, kwa kuwa hutumia "o'clock" kwa wakati na "hours" kwa muda. Kifaransa hakitusaidii, maana "heure" hubeba maana zote mbili, kama "saa" yetu. Tazama neno linalotangulia. "À huit heures" ni wakati: saa mbili. "Dans huit heures" ni muda: baada ya kupita saa nane. Lori lile lile, tarakimu ile ile, na herufi chache tu za kutofautisha.

Na katika Kiswahili chetu tuwe waangalifu vilevile. Tukiandika "lori litakuja baada ya saa mbili", mmoja ataelewa baada ya muda wa saa mbili kupita, mwingine ataelewa baada ya saa mbili asubuhi. Afadhali kuandika "baada ya muda wa saa mbili" au "baada ya saa 2.00 asubuhi".

SAA ZA MIJI

Baada ya lugha inakuja nchi. Saa ya Tanzania, Kenya na Uganda ni moja. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Kinshasa wako nyuma kwa saa mbili. London wako nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, kwa kuwa huko husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Paris na Geneva wako nyuma kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo ofisi ya London inayofunguliwa saa 9 ya kwao huanza kupokea simu yetu saa sita mchana mwezi Januari, na saa tano asubuhi mwezi Julai. Fuata utaratibu mmoja siku zote: kwanza badili nchi, kisha badili lugha. Ukifanya yote kwa mkupuo utapotea.

JEDWALI FUPI

7.00: saa moja asubuhi, "seven o'clock in the morning", "sept heures du matin".
8.30: saa mbili na nusu asubuhi, "half past eight", "huit heures et demie".
8.45: saa tatu kasorobo asubuhi, "a quarter to nine", "neuf heures moins le quart".
12.00: saa sita mchana, "noon", "midi".
12.30: saa sita na nusu mchana, "half past twelve", "midi et demi".
14.00: saa nane mchana, "two o'clock in the afternoon", "quatorze heures".
16.50: saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, "ten to five", "cinq heures moins dix".
19.00: saa moja usiku, "seven o'clock in the evening", "dix-neuf heures".
0.00: saa sita usiku, "midnight", "minuit".

UTARATIBU WA OFISINI

Napendekeza kila chama kifuate mambo manne.

1. Tangazo la wanachama liandikwe kwa saa ya Kiswahili, kwa maneno, pamoja na sehemu ya siku: "saa mbili kamili asubuhi". Tarakimu peke yake isiandikwe ubaoni. Siku hizi simu ya mkononi ya kila mwanachama humwonyesha saa ya kizungu. Hivyo tarakimu tupu inasomeka kwa namna mbili hata ndani ya nyumba moja.

2. Barua ya kigeni ikifika, katibu aandike pembeni kwa kalamu saa yake ya Kiswahili, siku, na jina la mji ambao saa hiyo ni yake, kabla ya kuiweka katika jalada.

3. Jibu la barua lirudie saa kwa lugha ya aliyeandika: "We shall expect you at 8.00 a.m. Tanzania time." Kurudia hakugharimu kitu, na kosa likiwapo litaonekana mapema.

4. Mwenyekiti au mshika fedha alisome tangazo kabla halijabandikwa. Macho mawili hupitiwa; manne ni nadra.

ZOEZI

Andika kwa Kiswahili saa zilizomo katika sentensi hizi:

(1) "The general meeting will begin at half past nine in the morning."
(2) "The lorry will reach you at 1.00 a.m. on Wednesday."
(3) "The weighing will take three hours."
(4) "Le bureau ouvre à 7 h 30 et ferme à 15 h 30."
(5) "Rendez-vous à six heures moins le quart du soir."
(6) Barua kutoka Bujumbura: "Téléphonez-nous à 10 h." Utapiga simu saa ngapi ukiwa Tanzania?
(7) Andika kwa Kiingereza na Kifaransa: "Mkutano utaanza saa nane na robo mchana."

MAJIBU

(1) Saa tatu na nusu asubuhi. (2) Saa saba usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. (3) Muda wa saa tatu. Hapa kanuni ya sita haitumiki. (4) Hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, hufungwa saa tisa na nusu alasiri. (5) Saa kumi na mbili kasorobo jioni. (6) Saa kumi ya Bujumbura ni saa 11 ya kwetu kwa hesabu ya kizungu, basi utapiga saa tano asubuhi. (7) "The meeting will begin at 2.15 p.m.", "La réunion commencera à 14 h 15."

Aliyekosa la pili, la tatu au la sita asivunjike moyo, bali arudie sehemu inayohusika, kwa sababu hayo matatu ndiyo yanayopoteza siku za watu.

Ndugu Katibu, mwanachama hana njia ya kujua yaliyoandikwa katika barua iliyo mezani pako. Anajua ubao tu. Akiondoka nyumbani na mzigo wake kichwani, anatembea kwa kuuamini mkono wako. Kwa hiyo kabla ya kuishika chaki jiulize swali la mzee yule: saa hii ni ya nani? Ukikosa jibu, weka chaki chini, urudi kwenye barua.